Tarakimu Katika Ncha ya Kidole: Matumizi Salama ya Padi ya Kugusa Isiyo na Waya Yenye Sehemu ya Namba

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, mtoa huduma ya afya ataweza kueleza namna padi ya kugusa yenye sehemu ya namba inavyofanya kazi, kutambua makosa yanayozaliwa nayo, kuyazuia kabla hayajamfikia mgonjwa, na kulinda mkono wake mwenyewe. Mgonjwa kwa upande wake atafahamu namba zipi zinazomhusu huingizwa katika kompyuta, na namna ya kushiriki katika kuzihakiki.

Utangulizi

Kuanzia Posta Mpya, kupita Mnazi Mmoja hadi Kariakoo, kazi nyingi za katikati ya Jiji la Dar es Salaam hutendeka kwa namba. Mteja hutaja namba yake ya simu yenye tarakimu kumi, namba ya Kitambulisho cha Taifa yenye tarakimu ishirini, na kiasi anacholipa. Katika hospitali, zahanati na maduka ya dawa ya eneo hilo namba huongezeka: namba ya jalada, namba ya bima, umri, uzito, shinikizo la damu, kiwango cha sukari, idadi ya vidonge na saa ya kumeza dawa. Zamani namba hizo ziliandikwa kwa kalamu katika vitabu vya MTUHA. Leo sehemu kubwa yake huingizwa moja kwa moja katika kompyuta.

Madirisha ya mapokezi na ya dawa katika majengo ya mjini kwa kawaida ni finyu. Juu ya meza moja hukaa kompyuta, printa, kitabu cha risiti na boksi la glavu. Ndiyo maana vifaa vidogo visivyo na waya vimepata soko. Kimojawapo ni padi ya kugusa yenye sehemu ya namba: bapa dogo linalofanya kazi ya kipanya, na likiamriwa hugeuka kuwa vitufe vya tarakimu. Kifaa hiki ni kidogo na chepesi kukisafisha. Hata hivyo kina tabia moja inayostahili somo zima: uso wake ni laini, na kidole hakiwezi kuhisi kama kimegusa moja au saba. Kazi ambayo zamani ilifanywa na kidole sasa lazima ifanywe na jicho, na pale jicho linapochoka, lazima isaidiwe na sauti.

Kifaa na namna kinavyofanya kazi

Chini ya uso wa padi kuna mtandao wa nyaya nyembamba zenye chaji ndogo ya umeme. Ngozi ya binadamu hupitisha umeme; kidole kinapokaribia uso huo, chaji hubadilika mahali kilipo, na kifaa hutambua mahali hapo. Katika hali ya kwanza, mwendo wa kidole huendesha kishale katika skrini. Mtumiaji akigusa alama maalumu iliyo pembeni, taa huwaka na gridi ya tarakimu hujitokeza. Tangu hapo kugonga mahali fulani huandika namba. Kampuni ya ASUS iliingiza mfumo wa aina hiyo katika baadhi ya kompyuta zake za mkononi mwaka 2018, na zipo pia padi zinazojitegemea ambazo huunganishwa na kompyuta kwa Bluetooth au kwa kipokezi kidogo kinachochomekwa.

Maelezo hayo yana maana tatu kwa kazi ya afya. Kwanza, tone la maji au jasho linaweza kubadilisha chaji na kukifanya kifaa kisome mguso usiokuwepo au kikose mguso uliokuwepo. Katika joto na unyevu wa Dar es Salaam, hasa mahali pasipo na kiyoyozi, jambo hili ni la kila siku. Pili, kidole chenye ngozi ngumu na kavu, au kilichovikwa glavu nene, huweza kushindwa kusomwa. Tatu, uso mmoja una hali mbili. Mtumiaji anayedhani yuko katika hali ya kishale, ilhali taa ya namba inawaka, ataandika tarakimu asizozikusudia.

Mpangilio mmoja mkononi, mwingine mezani

Mtu yeyote aliyewahi kutuma pesa kwa simu anajua mahali ilipo moja: juu, upande wa kushoto. Mpangilio huo una historia. Maabara za Bell nchini Marekani zilijaribu mipangilio mbalimbali ya vitufe, na mtafiti R. L. Deininger alichapisha matokeo mwaka 1960. Simu ya vitufe ikaingia sokoni mwaka 1963, ikiwa na moja, mbili na tatu katika safu ya juu. Mashine za kuhesabia zilikuwa zimeshazoea mpangilio ulio kinyume: saba, nane na tisa juu, moja, mbili na tatu chini. Kompyuta ilirithi mpangilio wa mashine za kuhesabia, na padi ya kugusa ikarithi wa kompyuta.

Matokeo yake ni kwamba mhudumu mmoja, kwa siku moja, hutumia mipangilio miwili. Anapokea malipo kwa simu, kisha anageukia padi kuandika uzito wa mtoto. Kidole kilichozoea simu hubadilisha moja kuwa saba, mbili kuwa nane, tatu kuwa tisa, na kinyume chake. Nne, tano na sita hubaki mahali pake, na sifuri huwa chini katika mipangilio yote miwili.

Baadhi ya makosa hayo hujitangaza yenyewe. Shinikizo la juu la 178 likiandikwa 712, hakuna muuguzi atakayeliamini. Hatari iko katika makosa yanayofanana na ukweli. Mgonjwa mwenye umri wa miaka 37 akiandikwa 91, kompyuta haitalalamika, kwa kuwa watu wa miaka 91 wapo. Mtoto wa kilo 18 akiandikwa 72, anakuwa na uzito wa mtu mzima. Na mtu mzima wa kilo 71 akiandikwa 17, anaweza kupewa dozi ya mtoto ambayo haitamtibu.

Katika vitufe vya kawaida kuna kinga ndogo ambayo wengi hawaitambui: kinundu kilichoinuka juu ya tano. Kidole cha kati hukipapasa, na tarakimu nyingine zote hupatikana kwa kuhesabu kutoka hapo. Padi laini haina kinundu hicho. Mtumiaji hana budi kutazama.

Nukta ya desimali

Hakuna alama ndogo yenye uzito mkubwa kuliko nukta. Chukua mfano wa mtoto mwenye uzito wa kilo 12.5 anayehitaji parasetamoli. Kwa kipimo cha miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, dozi yake moja ni miligramu 187.5. Ikiwa dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5, atapewa takriban mililita 7.8. Sasa kidole kiteleze juu ya nukta bila kusomwa, na uzito uandikwe 125. Kompyuta itatoa miligramu 1875, yaani mara kumi ya dozi sahihi. Parasetamoli ikizidi huharibu ini, na dalili za uharibifu huo huweza kuchelewa kwa siku moja au zaidi, wakati familia imesharudi nyumbani.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa usalama wa dawa wanashikilia kanuni mbili za uandishi. Ya kwanza: nukta isitanguliwe na nafasi tupu. Nusu iandikwe 0.5, si .5, kwa maana nukta ikipotea, .5 hugeuka 5. Ya pili: sifuri isiyo na kazi isiwekwe baada ya nukta. Tano iandikwe 5, si 5.0, kwa maana nukta ikipotea, 5.0 hugeuka 50. Kanuni hizi zilianzishwa enzi za kalamu, lakini zina nguvu zaidi mbele ya padi ambayo huweza kukosa mguso mmoja bila kutoa ishara yoyote.

Kuna tatizo jingine linalohusu mipangilio ya lugha. Nchini Tanzania desimali huandikwa kwa nukta, na mkato hutenganisha maelfu. Katika nchi zinazofuata desturi ya Kifaransa, ikiwemo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mkato ndio desimali. Kijerumani nacho kinafuata desturi hiyo. Kompyuta iliyokwisha kutumika iliyoletwa kutoka Ulaya inaweza kubaki na mipangilio ya huko, na kitufe cha desimali katika sehemu ya namba kikatoa mkato. Programu moja itaukataa, nyingine itausoma 12,5 kama 125. Kabla kifaa kipya hakijatumika kwa mgonjwa, ni lazima 12.5 iandikwe mara moja katika kompyuta husika na kutazamwa ilivyotokea.

Saa mbili ni saa nane

Makosa ya muda yana sura yake ya pekee miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili. Kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Kiswahili huhesabu kuanzia mapambazuko na machweo. Dawa ya kila baada ya saa nane, inayoanza saa mbili asubuhi, itafuatiwa na dozi ya saa kumi jioni na ya saa sita usiku. Katika kompyuta saa hizo ni 08:00, 16:00 na 00:00. Mhudumu anayesikia «saa mbili» na kuandika 2 amempangia mgonjwa dozi usiku wa manane uliopita saa mbili. Inaongeza utata kuwa mbili na nane ndizo tarakimu zinazobadilishana mahali kati ya simu na padi, hivyo kosa la lugha na kosa la kidole huweza kufika mahali pamoja bila kutambuliwa.

Dawa yake ni desturi, si teknolojia. Saa iandikwe kwa mtindo wa saa ishirini na nne katika kompyuta, na itamkwe kwa Kiswahili mbele ya mgonjwa pamoja na sehemu ya siku: asubuhi, mchana, jioni au usiku. Katika karatasi anayochukua mgonjwa, iandikwe «saa mbili asubuhi», si 8.

Nyaya zisizoonekana

Kifaa chenye waya hujieleza: waya huonyesha kimeungwa na kompyuta ipi. Kifaa kisicho na waya hakina ushahidi huo. Mapokezi yenye kompyuta mbili na padi mbili zinazofanana yanaweza kufika mahali ambapo padi ya mhudumu wa kwanza inaandika katika kompyuta ya mhudumu wa pili. Hutokea pale padi zinapobadilishwa wakati wa kusafisha meza, au zamu inapokabidhiwa. Tarakimu zilizokusudiwa jalada moja huingia katika jalada jingine, na aliyeketi mbele ya kompyuta hiyo hana habari.

Tahadhari ni nyepesi. Kila padi na kompyuta yake vibandikwe alama ya rangi moja au namba moja inayoonekana. Kifaa kisichotumika kizimwe kwa swichi yake, kisiachwe kikisubiri. Mwanzoni mwa kila zamu, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mhudumu afungue ukurasa mtupu, aandike tarakimu zote kumi na nukta, kisha azisome. Jaribio hilo huchukua sekunde chache, na hugundua kwa pamoja padi iliyoungwa kwingine, betri iliyochoka na mpangilio usiofaa wa desimali.

Betri inastahili neno lake. Chaji inapopungua, baadhi ya vifaa huanza kuchelewesha au kukosa miguso. Mtumiaji akiona namba haikutokea hugonga tena, kisha zote mbili zikatokea: 5 ikawa 55. Padi ichajiwe kwa ratiba, si kwa dharura, na kuwe na kibodi yenye waya ndani ya saraka kwa ajili ya siku ambayo umeme umekatika tangu usiku.

Mkono wa anayeandika

Usalama wa mgonjwa hauwezi kutenganishwa na afya ya mkono unaomwandikia. Padi hii ina faida ya kweli hapa. Kibodi ndefu yenye sehemu ya namba upande wa kulia humlazimisha mtumiaji kupeleka kipanya mbali zaidi kulia, na bega hukaa limefunguka kwa saa nyingi. Padi inayounganisha kishale na namba hukaa karibu na mwili, na huweza kuhamishiwa kushoto ili mkono wa kulia upumzike.

Faida hiyo hupotea ikiwa padi itatumiwa vibaya. Kwa kuwa uso wake husoma mguso wowote, vidole haviwezi kupumzika juu yake kama vinavyopumzika juu ya vitufe. Mtumiaji huning'iniza mkono hewani, na misuli ya mgongo wa mkono hukaza bila kusogea. Tena uso mgumu haubonyei. Anayegonga kwa nguvu hupokea nguvu hiyo katika viungo vya vidole vyake. Kugusa kwepesi kunatosha. Kiganja na mkono wa mbele viegemezwe mezani, kifundo cha mkono kibaki kimenyooka bila kukunjwa juu wala chini, na viwiko viwe karibu na mwili. Kila baada ya dakika ishirini hadi thelathini mikono ishushwe, mabega yazungushwe, na vidole vifunguliwe na kufungwa mara kadhaa.

Wahudumu wengi hulalamika juu ya ganzi. Ndani ya kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba ambamo neva moja hupita pamoja na kano tisa zinazokunja vidole. Njia hiyo ikibana, neva husongwa. Dalili zake ni ganzi au kuwashwa kama kuchomwa sindano katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Mara nyingi humwamsha mtu usiku, naye hupata nafuu akikung'uta mkono. Kidole cha mwisho hakihusiki. Kikihusika peke yake, neva nyingine ndiyo inayochunguzwa, aghalabu ile ipitayo nyuma ya kiwiko.

Ni muhimu kuwa mkweli kuhusu chanzo. Tafiti hazijakubaliana kwamba kuandika katika kompyuta peke yake husababisha kubanwa kwa neva hiyo. Kazi za nguvu nyingi, za kurudiarudia na zenye mtikisiko zina ushahidi ulio wazi zaidi. Ujauzito, kisukari, unene, upungufu wa homoni ya tezi ya shingo na baridi yabisi ya viungo huongeza uwezekano. Kwa hiyo karani mwenye ganzi asiishie kubadilisha padi. Apimwe sukari pia. Kisukari kinaweza kuleta ganzi kwa njia mbili: kwa kuongeza uwezekano wa neva kubanwa, na kwa kuziharibu neva zenyewe, hali ambayo kwa kawaida huanzia nyayoni.

Jaribio moja rahisi la kutambua tatizo ni kukutanisha migongo ya viganja viwili, vidole vikielekea chini na vifundo vikiwa vimekunjwa, kwa muda wa dakika moja. Ganzi ikijitokeza katika vidole vilivyotajwa, mhusika amwone daktari. Katika hatua za mwanzo, bandeji ngumu inayonyoosha kifundo wakati wa usiku huwasaidia wengi. Baadhi huhitaji sindano, na wengine upasuaji mdogo. Msuli wa chini ya kidole gumba ukianza kunywea, au vitu vikianza kudondoka mkononi, kusubiri si busara.

Dalili moja haipaswi kuchanganywa na hizi. Mkono unaolegea ghafla, pamoja na uso kupinda upande mmoja au maneno kukwama, si uchovu wa kazi. Huenda ni kiharusi, na mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo.

Usafi wa kifaa kinachoguswa na wengi

Padi bapa haina mianya kati ya vitufe ambamo vumbi na uchafu hujificha. Hilo huifanya ifae vituo vya afya kuliko kibodi ya kawaida, kwa sharti kwamba isafishwe. Utaratibu ni huu:

1. Zima padi kwanza, ili isiandike wakati wa kufutwa.
2. Lowanisha kitambaa laini kwa alkoholi ya asilimia 70. Usinyunyizie dawa moja kwa moja juu ya kifaa.
3. Futa uso, kingo na sehemu ya chini, kisha acha pakauke pasipo kupuliziwa.
4. Washa, fanya jaribio la tarakimu kumi, ndipo uendelee na kazi.

Maji ya klorini yanayotumika sakafuni huweza kukwangua uso na kula metali, hivyo yasitumike hapa pasipo maelekezo ya mtengenezaji. Glavu iliyomgusa mgonjwa isiguse padi kamwe. Aliyevaa glavu huvua, husafisha mikono, ndipo huandika. Vilevile padi iliyo safi haiondoi wajibu wa kunawa mikono kabla na baada ya kumhudumia mgonjwa.

Je, kifaa hiki kina mionzi ya hatari?

Swali hili huulizwa mara kwa mara, na linastahili jibu la heshima. Bluetooth hutumia mawimbi ya redio ya takriban gigahezi 2.4. Vifaa vya mezani vya aina hii kwa kawaida vina nguvu isiyozidi miliwati 2.5, simu ya mkononi ya mfumo wa kawaida wa GSM inaweza kufikia kilele cha wati 2, yaani mara 800 ya hiyo. Mawimbi ya redio ni tofauti na eksirei na mionzi inayotibu saratani, ambayo ina nguvu ya kung'oa elektroni katika atomu na ndiyo sababu hutolewa chini ya ulinzi maalumu. Mama mjamzito anayeketi mbele ya dirisha la mapokezi hana sababu ya kuiogopa padi. Mgonjwa aliyepandikizwa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo anashauriwa kuweka simu na vifaa vyenye sumaku au mawimbi ya redio umbali wa sentimita 15 hivi kutoka kifuani, na umbali wa meza unatosha kwa hilo.

Sauti kama kinga ya mwisho

Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2017, mjini Bonn, kampeni ya dawa bila madhara, yenye lengo la kupunguza kwa nusu madhara makubwa yanayozuilika yatokanayo na dawa. Moja ya nguzo zake ni kumshirikisha mgonjwa. Mbele ya padi ya namba, ushiriki huo una sura nyepesi kabisa: namba iliyoandikwa isomwe kwa sauti, kutoka katika skrini, si kutoka kichwani.

Mhudumu aseme: «Mama, nimeandika uzito wa mtoto kilo kumi na mbili nukta tano. Ni sahihi?» Mzazi aliyeona mizani atajibu. Asipoulizwa, ana haki ya kuomba: «Samahani nesi, naomba unisomee uzito ulioandika.» Ombi hilo si dharau wala kutoaminiana. Ni msaada kwa mtu ambaye ameshaandika mamia ya tarakimu tangu asubuhi.

Kiswahili kina faida hapa isiyotumiwa ipasavyo. Kwa Kiingereza, 15 na 50 hukaribiana mno kwa sauti, vivyo hivyo 13 na 30. Katika kelele za mtaa kama Msimbazi au Uhuru, mtu aliye nyuma ya kioo cha dirisha anaweza kusikia moja badala ya nyingine. Kumi na tano na hamsini hazifanani hata kidogo. Kumi na tatu na thelathini vilevile. Namba za dozi zitajwe kwa Kiswahili kamili. Sita na saba, zinazoanza kwa sauti moja, zitamkwe taratibu. Namba ndefu, kama za bima au za jalada, zisomwe tarakimu mojamoja katika mafungu ya tatu au nne.

Wasimamizi wa mifumo nao wana sehemu yao. Programu iwekewe mipaka: uzito wa kilo 125 kwa mtoto wa miaka miwili ukataliwe mara moja, na umri uliohesabiwa kutoka tarehe ya kuzaliwa ulinganishwe na ule uliotajwa. Jina la mgonjwa likae juu ya skrini kwa herufi kubwa wakati wote wa kuandika namba.

Hitimisho

Padi ya kugusa isiyo na waya yenye sehemu ya namba ni kifaa kizuri kwa meza finyu, kwa usafi na kwa bega la mtumiaji. Upungufu wake ni kwamba hakimwambii anayegusa amegusa nini. Kituo kinachokinunua, iwe kutoka duka la Mtaa wa Samora au la Kariakoo, kisinunue kifaa pasipo kununua pia desturi zake: kujaribu tarakimu kumi kila zamu, kuweka sifuri kabla ya nukta, kutazama kabla ya kuthibitisha, kusoma kwa sauti mbele ya mgonjwa, na kupumzisha mkono. Pale ambapo dozi za watoto, insulini au dawa za saratani hukokotolewa, vitufe halisi vyenye kinundu juu ya tano vinabaki kuwa chaguo lenye busara zaidi, na mtu wa pili ahakiki kila namba kabla dawa haijatolewa.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa ana miaka 28. Mhudumu aliyezoea vitufe vya simu angeweza kuandika namba gani katika padi ya kompyuta? Je, kosa hilo lingejitangaza?
2. Kwa nini 0.5 ni salama kuliko .5, na 5 ni salama kuliko 5.0?
3. Dawa imepangwa saa tatu asubuhi na saa tatu usiku. Saa hizo ziandikwe vipi katika kompyuta?
4. Mhasibu ana ganzi ya kidole gumba na cha kati inayomwamsha usiku. Taja mambo mawili yanayopaswa kufanyika mbali na kubadilisha kifaa anachotumia.
5. Eleza hatua nne za kusafisha padi, na sababu ya kuizima kwanza.

Majibu: (1) 82, halingejitangaza, kwa kuwa ni umri unaowezekana. (2) Nukta ikipotea, .5 huwa 5 na 5.0 huwa 50, katika 0.5 sifuri ya mbele huonyesha kwamba nukta ilipaswa kuwepo. (3) 09:00 na 21:00. (4) Aonwe na daktari kwa uchunguzi wa neva ya kifundo cha mkono, na apimwe sukari. (5) Kuzima, kufuta kwa kitambaa chenye alkoholi ya asilimia 70, kuacha pakauke, kuwasha na kujaribu tarakimu. Huzimwa kwanza ili ufutaji usiandike namba katika jalada la mgonjwa.